Shajara ya mradi: tundu la simu liko nyuma ya mlango, kazi ziko darini

Nyumba yenyewe

Nyumba iko Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya chini na ghorofa moja juu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene sentimita 55 ukipimia kwenye dirisha. Waya wa simu unaingia juu ya mlango mkubwa, unashuka pembeni ya fremu na kuishia kwenye tundu lililo sentimita 20 kutoka sakafu ya ukumbi. Ubao wa kulia wa mlango ukifunguliwa unalifunika tundu lote. Ukumbi huo huoshwa kwa maji kila Ijumaa, na soketi ya umeme iliyo karibu iko mita 4 upande wa pili.

Wanaohitaji intaneti wako juu, chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua. Kati ya tundu na chumba hicho kuna kuta tatu na sakafu moja ya boriti na zege la chokaa.

Masharti ni matatu. Simu ya mezani ibaki ukumbini na isikike vizuri, kwa sababu bibi wa nyumba huipokea mwenyewe na jamaa zake wa Maskati namba wanayoijua ni hiyo. Ukuta wa mbele usiguswe: Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadili sura ya nje ya nyumba kunahitaji kibali. Kazi ya uani iishe kabla masika hayajaanza.

Siku ya 1: vipimo, bila kugusa kitu

Multimita iliwekwa kwenye nyaya mbili za tundu, simu ikiwa imetuliwa: volti 49.6 za mkondo mnyoofu. Laini isiyo na kasoro hukaa karibu na volti 48 hadi 50. Ikisoma 35 au chini ya hapo, kuna mahali umeme unavuja, mara nyingi kwenye kiungo chenye unyevu. Tahadhari kwa atakayerudia kipimo hiki: simu inapolia volti hupanda kufikia 75 hadi 90 za mkondo geu. Kwa kawaida hazitakuua ila zitakurusha, na ukiwa juu ya ngazi hilo ni jambo zito.

Modemu ya ADSL2+, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, ikachomekwa hapo hapo kwa waya wa mita moja. Ukurasa wa hali ya laini ulisoma hivi: kasi ya kushusha 7.4 Mb/s (megabiti kwa sekunde), upotevu wa ishara desibeli 29, akiba juu ya kelele desibeli 5.8. Akiba ndiyo namba ya kuitazama kuliko zote. Ni nafasi iliyobaki kati ya ishara na kelele. Laini hupangiwa kuanza na desibeli 6 hivi, na ikishuka mpaka 2 au 1 modemu hukata na kuanza upya. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku akiba ilishuka hadi 3, ikawa inapanda na kushuka, na laini ikakatika mara nne.

Halafu waifai. Nguvu ya ishara kwa kipimo cha dBm (kadiri namba ilivyo karibu na sifuri ndivyo ishara ilivyo na nguvu), simu ya mkononi ikiwa imeshikwa kifuani: ukumbini -42, uani -63, juu ya ngazi -74, chumba cha nyuma -86. Kwa mazungumzo ya video yasiyokwama -67 ndiyo ya kutegemea. -86 ni jina la mtandao tu linaloonekana na kupotea. Hayo ni masafa ya GHz 2.4. Yale ya GHz 5 yaliishia uani.

Jambo moja la nyumba hizi lilistahili kipimo chake. Kila mtu hutamani kuiweka ruta ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, maana kinaonekana kama kilijengwa kwa ajili hiyo. Tuliiweka katika kidaka cha ukumbini, kisha juu ya meza mita moja kutoka ukutani, tukapima uani mara zote mbili. Kidaka kilipoteza desibeli 9, yaani sehemu ndogo tu, karibu moja ya nane, ndiyo iliyofika. Kidaka ni jiwe pande tano. Kinafaa Msahafu na vyetezo, hakifai redio.

Kwa hiyo kuna maradhi mawili tofauti. Laini yenyewe ni mgonjwa, na kuta zinakula waifai. Ruta ya bei kubwa ingepunguza la pili kidogo na isingeligusa la kwanza.

Siku ya 2: kuufuata waya

Kifuniko cha tundu kilipofunguliwa zilitoka jozi tatu za nyaya zilizosokotwa pamoja kwa mkono na kufungwa utepe mweusi. Moja inatoka nje. Moja ni ya tundu. Ya tatu inapanda ukutani chini ya rangi, inapita juu ya mlango wa kati, inazunguka ua na kuishia chumba cha mbele cha juu, ikiwa imekatwa na kupakwa chokaa. Ni waya wa simu ya pili, wa enzi za Posta na Simu, na urefu wake ni kama mita 35. Hauna kazi tangu zamani, ila umeme wa laini bado unaingia ndani yake.

Tawi la namna hii halimdhuru mwenye kuzungumza. Sauti ya simu ni ya hezi 300 hadi 3,400, mawimbi marefu mno kuijali mita 35. ADSL2+ inatumia masafa kuanzia kilohezi 25 hivi hadi megahezi 2.2, na huko mambo hubadilika: ishara inaingia tawini, inagonga ncha iliyokatwa, inarudi ikiwa imechelewa na kuipunguza ile inayokuja. Pigo kubwa huwa kwenye masafa ambayo tawi ni robo ya wimbi lake. Ndani ya waya wa simu mawimbi husafiri kama mita milioni 195 kwa sekunde. Gawanya kwa mara nne ya mita 35, unapata karibu MHz 1.4. Hapo ni katikati kabisa ya sehemu tunayoihitaji. Juu ya hayo tawi ni antena: linaokota kelele za mota, taa na stesheni za redio za masafa ya kati na kuzileta mpaka kwenye modemu. Ndiyo maana laini ilikuwa ikisumbua jioni, wakati nyumba zote jirani zimewasha kila kitu.

Tawi likakatwa kwenye kiungo, si kule juu. Ukilikata kule juu umelifupisha tu. Modemu ikazimwa na kuwashwa, kwa sababu kasi hukubaliwa mara moja laini inapoanza na kwa kawaida haipandi yenyewe baadaye: 9.8 Mb/s.

Kisha kiungo chenyewe. Shaba ilikuwa na kutu ya kijani, kama inavyokuwa shaba yoyote iliyo mita mia mbili kutoka baharini. Ncha zilikatwa sentimita 3 nyuma mpaka kwenye shaba inayong'aa, zikaunganishwa kwa viunganishi vidogo vya kubana vyenye jeli ndani. Viunganishi hivi havitaki waya uliochunwa. Unazisukuma nyaya mbili zikiwa na ngozi yake mpaka zionekane mwisho wa tundu, unabana kitufe kwa koleo bapa mpaka kilingane na mwili, halafu unavuta kidogo kuhakikisha. Meno ya ndani hukata ngozi na kushika shaba, na jeli hufunga hewa ya chumvi nje. Baada ya hapo: 10.9 Mb/s, akiba 6.1. Jioni haikushuka chini ya 5.4.

Kukata tawi na viunganishi viwili vimeongeza Mb/s 3.5. Mahali pa kuanzia kazi kama hii ni hapo, kabla ya kununua chochote chenye taa.

Siku ya 3: modemu ikae wapi

Njia zilizojaribiwa, kwa ufupi zile zilizoshindwa.

Kirudisha waifai juu ya ngazi: kinapokea -74, na hakiwezi kutoa kizuri kuliko kinachokipata. Tena kinapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kasi inagawanyika mara mbili. Adapta za kupitisha data kwenye nyaya za umeme: ghorofa ya juu ina mita yake ya umeme, na mawimbi yalilazimika kuvuka mita zote mbili za umeme. Zilifika, lakini pampu ya maji ikiwaka mawasiliano yanaanguka. Ruta ya laini ya simu za mkononi: imebaki kuwa akiba tu, kwa kuwa vifurushi vyake vinaisha na ndani ya kuta hizi inataka iwekwe dirishani.

Likabaki swali la kweli: kurefusha waya wa simu mpaka juu, au kuiacha modemu chini na kupandisha kebo ya mtandao?

Tulijaribu yote mawili kwa mita 15. Waya bapa wa simu, ule wa dukani unaouzwa umekunjwa: kasi ilishuka hadi 8.1 Mb/s, na makosa ya laini yalipanda kila taa ya mrija ya jikoni ilipowashwa. Nyaya za waya bapa zinakwenda sambamba bila kusokotwa, hivyo kelele haziuani. Jozi moja ya kebo ya mtandao ya Cat5e, mita 15 hizo hizo: 10.8. Waya wa simu unaweza kurefushwa bila hasara ya maana, mradi uwe wa kusokotwa na jozi iwe moja kweli. Ukichukua bluu ya jozi moja na kijani ya jozi nyingine, multimita itakuambia njia ipo, na laini itakuwa mbovu kuliko kwa waya bapa.

Uamuzi umechanganya njia hizo. Waya wa simu unarefushwa mita 6 tu, hadi chini ya ngazi, ambako ni pakavu, pana soketi na hakuna mlango wa kupagonga. Modemu inakaa hapo. Kutoka hapo kinachopanda ni kebo ya mtandao, hadi kituo cha pili cha waifai katika chumba cha nyuma. Sababu: chini nako kunahitaji waifai, fundi wa kampuni akija atapima karibu na mlango bila kupita vyumbani mwa watu, na shaba ya laini ya nje, ambayo ndiyo njia ya radi, haitembezwi nyumba nzima.

Siku ya 4: vifaa

Mita 40 za kebo ya Cat5e ya nje, nyeusi, inayostahimili jua. Paipu za umeme za PVC za milimita 20, tano za mita 3, na kona tatu za mkunjo mpana. Klipu 30 na skrubu za chuma cha pua. Za chuma cha kawaida, hata zilizopakwa zinki, huanza kutoa machozi ya kutu ukutani baada ya msimu mmoja wa kusi. Kigawanyi kimoja cha ADSL, cha kutenga simu na intaneti. Boksi dogo la plastiki lenye kifuniko cha skrubu. Tundu jipya la simu moja, matundu mawili ya RJ45 (ya kebo ya mtandao) ya ukutani, viunganishi vya jeli 10, plagi za RJ45 10 ingawa zinazohitajika ni mbili. Kituo cha waifai. Uzi wa nailoni mita 30. Biti za mawe: milimita 6 na 25, zote za urefu wa sentimita 60.

Kebo ndiyo ya kuikagua dukani, maana nyingi zilizoandikwa Cat5e ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, inakatika ikikunjwa mara chache, na kwenye hewa ya bahari ncha zake huoza ndani ya tundu. Kukwaruza kwa kisu husaidia: shaba ni nyekundu mpaka ndani, ile nyingine hung'aa nyeupe. Multimita inasema wazi zaidi. Unganisha nyaya mbili za jozi moja upande wa mbali, pima upande wa huku. Kiwango kinaruhusu ohmu 9.38 kwa kila mita 100 za waya mmoja; mita 40 kwenda na kurudi ni mita 80, hivyo isizidi ohmu 7.5. Toa kwanza ukinzani wa nyaya za kipimo zenyewe kwa kuzigusanisha. Hii yetu ilisoma 6.9. Ya duka la kwanza ilisoma 11.3, ikarudishwa.

Siku ya 5: upande wa simu

Kazi hii haifanywi mawingu yakiwa yamefunga. Waya unaoingia kutoka nje haukuguswa juu ya mlango; ulikatwa pale chini tu na kupandishwa hadi sentimita 140, juu ya maji ya kuoshea na pembeni ya ubao wa mlango. Hapo limewekwa boksi lenye kigawanyi.

Kigawanyi kina pande tatu. Laini inaingia upande mmoja. Upande wa simu umechujwa, masafa ya juu hayapiti; huo umekwenda kwenye tundu la simu ya bibi. Upande wa modemu unakwenda chini ya ngazi kwa jozi ya bluu ya Cat5e, mita 6, ndani ya paipu. Kigawanyi kimoja mlangoni kinashinda vichujio vidogo vya kuning'inia kwenye kila simu, kwa kuwa kinauweka waya wote wa simu za nyumba nje ya njia ya ADSL. Kosa la kawaida hapa ni kugeuza pande: simu inakuwa na mluzi na modemu haioni laini kabisa. Ukisikia mluzi, angalia maandishi ya kigawanyi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Sentimita 30 za waya zimekunjwa ndani ya boksi. Atakayefungua miaka ijayo atahitaji waya wa kukata upya.

Kipimo cha sikio: inua simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, sikiliza ukimya kwa nusu dakika. Hakuna mikwaruzo. Modemu chini ya ngazi: 10.9, akiba 6.2.

Siku ya 6: tundu moja ukutani

Njia nzima ya kebo ilipangwa ili kuchimba iwe mara moja tu: kutoka kwenye ngazi kutokea uani. Kuingia chumba cha nyuma kunatumia tundu la hewa lililopo tayari juu ya mlango.

Ukuta wa matumbawe hauchimbiki kama tofali. Mawe hayana mpangilio. Biti inapita kwenye chokaa laini, inagusa kona ya jiwe gumu na kuteleza pembeni. Ukiisukuma kwa nguvu inapinda, inakwama, au inatokea sentimita 10 mbali na ulipokusudia ikiwa na kipande cha lipu cha ukubwa wa sahani. Tulianza na milimita 6, nyundo ya drili ikiwa imezimwa kwa sentimita 5 za mwanzo, kisha kwa kasi ndogo. Kila sentimita 4 biti ilitolewa na vumbi kuvutwa, kwa sababu vumbi la chokaa lenye unyevu hugeuka uji na kuikaba biti. Ilipotokea upande wa pili, milimita 25 ilichimba kutoka pande zote mbili na kukutana katikati. Hivyo lipu haikubanduka upande wowote. Dakika 50 kwa tundu moja, na haraka isingesaidia.

Tundu limeinama kuelekea nje, nyuzi 5 hivi. Kwenye ukuta wa sentimita 55 hiyo ni tofauti ya karibu sentimita 5, na mvua haiwezi kupanda. Mahali pa kuchimba palichaguliwa sentimita 40 chini ya dari, kwani ncha za boriti zimezama ukutani na hazionekani. Biti ikianza kutoa unga mwekundu badala ya mweupe, acha: huo ni mkoko, na ndio unaoishikilia sakafu ya juu.

Baada ya kupitisha kipande cha paipu, pembeni pamezibwa kwa chokaa iliyokwisha kuroweka na mchanga, moja kwa tatu. Saruji haikutumika. Saruji haipumui kama ukuta unavyopumua. Unyevu na chumvi hukusanyika nyuma yake, na baada ya mwaka kiraka huanguka na lipu ya zamani.

Siku ya 7: kuvuta na kubana

Kebo ilivutwa kwa uzi, watu wawili, mmoja akisukuma na mmoja akivuta, bila nguvu. Uani imepita chini ya roshani, mbali na mvua ya moja kwa moja. Waya wa umeme ulioko upande huo umeachiwa sentimita 30, na pale njia zinapokutana zimevukana kwa pembe mraba. Kabla ya kuingia tundu la hewa kebo imeshushwa ikafanya mkunjo wa chini kama kikombe, ili tone la maji lianguke hapo badala ya kuifuata ndani. Jumla mita 24 na ziada.

Mpangilio wa rangi ni T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika, na kwa namna inayodanganya. Mtu hupanga jozi moja moja kwa unadhifu, chungwa, kijani, bluu, kahawia, pande zote mbili sawa. Kipimo cha bei nafuu huwasha taa zote nane kwa mpangilio. Lakini mtandao hutumia nafasi ya 3 na ya 6 kama jozi moja, na kwa mpangilio huo nafasi hizo ni nyaya za jozi mbili tofauti. Matokeo: kasi inaanguka kutoka gigabiti hadi megabiti 100 au 10, au inakatika kila saa bila sababu inayoonekana. Kipimo cha taa hujua waya umefika. Hakijui umesokotwa na nani.

Tundu la juu lilikataa mara ya kwanza, taa ya 5 haikuwaka. Waya wa nyeupe-bluu ulikuwa umelala juu ya meno bila kuzama. Ulisukumwa upya kwa kifaa chake. Bisibisi isitumike hapo: hupanua meno, na yakishapanuka hayashiki tena.

Siku ya 8: mipangilio

Kabla ya kugusa kitufe cha kuifuta modemu, ziliandikwa kwenye karatasi namba zake: jina la mtumiaji na nywila vya PPPoE (njia ya modemu kujitambulisha kwa kampuni), pamoja na VPI na VCI, namba za njia ya data kwenye laini. Bila hizo modemu iliyofutwa hupata laini lakini haipati intaneti, na simu ya huduma huchukua asubuhi nzima. Karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la ngazi.

Kituo cha juu kimepewa anwani 192.168.1.2, kugawa anwani kumezimwa, na kebo imechomekwa kwenye tundu la ndani, si lile lililoandikwa la intaneti. Kikiachwa kigawe anwani nacho, nyumba inakuwa na wagawaji wawili: kifaa kilichounganishwa juu hakitaiona printa ya chini, na baadhi ya vifaa vitapata anwani isiyokwenda popote.

Jina la waifai na nywila ni vilevile juu na chini, ili simu ihame yenyewe mtu anapopanda ngazi. Njia za redio ni tofauti: modemu ya chini iko njia ya 1, kituo cha juu njia ya 11, upana MHz 20. Nguvu ya kutuma ya modemu ya chini imepunguzwa hatua moja, kwa kuwa simu nyingi hung'ang'ania mtandao wa zamani hata ukiwa dhaifu.

Vipimo chumba cha nyuma: ishara -45 dBm, kasi halisi ya kushusha 9.3 Mb/s. Tofauti na 10.9 ya laini si hasara iliyofichika. ADSL husafirisha data katika vifurushi vya baiti 53 ambavyo 48 tu ni mzigo, na PPPoE nayo huchukua yake.

Siku ya 9: umeme ukikatika

Laini ya simu ina umeme wake kutoka kwa kampuni, hivyo simu ya bibi hufanya kazi gizani. Modemu haifanyi. Kimewekwa kibetri kidogo cha volti 12 chenye seli za milliampea-saa 8,800. Namba hiyo ni ya volti 3.7, kwa hiyo ni watisaa 32 hivi, na baada ya hasara za kupandisha volti hubaki 27. Modemu inakula wati 8: saa tatu na dakika kidogo. Kituo cha juu kina chake. Soma volti zilizoandikwa kwenye adapta ya kila kifaa kabla ya kuchomeka. Plagi za volti 9 na 12 huingiliana bila kupingana, na kifaa cha volti 9 hakitavumilia 12.

Wiki ya 6: mvua kubwa ya kwanza

Laini haikukatika kwa siku 11, kisha usiku wa mvua akiba ilishuka hadi 3.6 na simu ikaanza kukwaruza. Asubuhi boksi la mlangoni lilifunguliwa, kigawanyi kikatolewa, na simu moja ikaunganishwa moja kwa moja kwenye waya unaotoka nje, nyaya nyingine zote za nyumba zikiwa zimeachwa nje. Mikwaruzo ilibaki. Maana yake tatizo lilikuwa nje, na taarifa kwa kampuni ilikwenda na maneno hayo hayo: mikwaruzo ipo kwenye waya wa kuingilia, waya zote za ndani zikiwa zimetengwa. Fundi hakuanza kupekua ndani. Alipanda nguzoni, akakata kiungo kilicholowa, akaunganisha upya, na akiba ikarudi 6.

Tundu la ukutani limekaguliwa pande zote mbili: kavu. Kiraka cha chokaa kimekauka na nyufa mbili nyembamba kama unywele, zimepakwa maji ya chokaa kwa brashi.

Kilichobaki

Paipu ya milimita 20 ina nafasi, na uzi wa nailoni haukutolewa. Ulivutwa upya pamoja na kebo. Faiba ikifika mtaani, kebo yake nyembamba itapita kwenye kona zile zile pana bila kuvunjika, na ukuta hautachimbwa tena. Mwisho mmoja wa uzi umefungwa ndani ya boksi la chini ya ngazi, mwingine juu ya tundu la hewa, ziada ya mita mbili kila upande.